Muuaji wa Mfululizo: Je, Huzaliwa au Hulelewa?

Wahenga waliacha methali mbili ambazo zikiwekwa pamoja hugombana. Ya kwanza husema kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Ya pili husema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ya kwanza humtia mtu hatiani tangu tumboni mwa mama yake. Ya pili huwatia hatiani wale waliomkuza. Ugomvi wa methali hizi huwa mkali zaidi pale jamii inapogundua kwamba miongoni mwake yumo mtu aliyeua, akarudi nyumbani na kuendelea na shughuli zake kama kawaida, kisha akaua tena, na tena.

Mtu wa namna hiyo huitwa muuaji wa mfululizo. Mwaka 2005 Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, liliwakutanisha wataalamu wa nchi mbalimbali katika mji wa San Antonio ili wakubaliane juu ya maana ya jina hilo. Walikubaliana kwamba ni mtu anayeua watu wawili au zaidi katika matukio yaliyotengana. Kwa hiyo hafanani na yule anayeua watu wengi kwa mkupuo mmoja, wala na askari aliye vitani. Wauaji wa mfululizo ni wachache mno. FBI hukadiria kwamba vifo vinavyosababishwa nao nchini Marekani havifikii hata moja katika kila mia ya mauaji yote ya mwaka.

Hata hivyo, uchache huo haujapunguza uzito wa swali. Ikiwa muuaji huzaliwa akiwa muuaji, basi huenda akatambulika angali mchanga, na huenda watu wakadai atengwe kabla hajatenda lolote. Ikiwa hufanywa na malezi, basi wako watu ambao wangeweza kuokolewa, yeye mwenyewe akiwemo, kama mkono ungenyooshwa mapema. Kwa zaidi ya miaka mia moja wanasayansi wametafuta jibu. Walichokipata, na makosa waliyoyafanya njiani, ndiyo maudhui ya makala haya.

FUVU LA MTU WA CALABRIA

Aliyelitia swali hili katika sayansi ni daktari wa Italia, Cesare Lombroso, aliyezaliwa Verona mwaka 1835. Katika kazi yake alilichunguza fuvu la kichwa cha Giuseppe Villella, mtu wa Calabria, kusini mwa Italia, ambaye alikuwa amefungwa kwa wizi. Nyuma ya fuvu hilo, kwa ndani, Lombroso aliona kishimo ambacho watu wengi hawana, lakini ambacho huonekana katika mafuvu ya wanyama fulani. Kutokana na kishimo hicho alijenga nadharia nzima. Alisema kwamba mhalifu ni mtu aliyerudi nyuma katika ngazi ya maumbile, na kwamba dalili zake humdhihirisha: taya pana, paji la uso lililolala, masikio yaliyochomoza, mikono mirefu. Nadharia hiyo aliichapisha katika kitabu mwaka 1876, ikaenea Ulaya nzima.

Nadharia ya Lombroso ilikuwa na kasoro moja kubwa. Aliwapima wafungwa kwa bidii, lakini hakuwapima kwa uangalifu uleule watu walio huru. Kazi hiyo ilifanywa na Charles Goring, daktari wa magereza ya Uingereza, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1913. Goring na wenzake walipima wafungwa wapatao 3,000, wakawalinganisha na watu wasio wahalifu, wakiwemo wanafunzi na askari. Hawakuona umbo la mwili ambalo lingeweza kuitwa umbo la mhalifu. Masikio yaliyochomoza yalikuwemo gerezani, na yalikuwemo nje ya gereza.

Somo la Goring lingefaa kukumbukwa daima: anayetaka kujua alama ya uhalifu asitazame wahalifu peke yao. Lakini somo hilo lilisahauliwa, na kosa la Lombroso likarudi tena, safari hii likiwa limevaa joho la maabara.

KROMOSOMU ILIYOSINGIZIWA

Ndani ya kila seli ya mwili wa binadamu mna nyuzi ndogo mno ziitwazo kromosomu, ambazo hubeba jeni, yaani maagizo ya urithi yatokayo kwa wazazi. Idadi yake kamili, 46, ilithibitishwa mwaka 1956. Mbili kati ya hizo huamua jinsia: mwanamke huwa na X mbili, na mwanamume huwa na X moja na Y moja. Lakini mara kwa mara, karibu katika kila wavulana 1,000 wanaozaliwa, mmoja huzaliwa akiwa na Y moja ya ziada. Mtu huyo huitwa XYY.

Taarifa ya kwanza juu ya mtu wa namna hiyo ilitolewa Marekani mwaka 1961. Alikuwa mtu mzima mwenye afya na akili za kawaida, na tena mwenye watoto. Aligunduliwa kwa bahati tu, kwa sababu mmoja wa watoto wake alizaliwa na kasoro nyingine ya kromosomu. Kama mambo yangeishia hapo, yamkini hakuna mtu ambaye angeihusisha Y ya ziada na uovu.

Mwaka 1965 mambo yaligeuka. Mtaalamu Patricia Jacobs na wenzake walichunguza damu ya wanaume karibu 200 waliokuwa katika hospitali ya Carstairs, huko Uskoti, ambako waliwekwa wagonjwa wa akili walioonekana kuwa wa hatari. Walikuta saba wenye XYY, idadi iliyozidi sana ile iliyotarajiwa. Ugunduzi wenyewe ulikuwa wa kweli. Kilichofuata ndicho kilichopotoka. Ilidhaniwa kwamba Y ya ziada humwongezea mtu ukali wa kiume, na magazeti yakaipachika jina la kromosomu ya uhalifu. Hakuna aliyeuliza kwanza ni wangapi wenye XYY waliokuwa wakilima mashamba, wakiendesha magari au wakifundisha shuleni bila kumdhuru mtu. Ilikuwa sawa na kutaka kujua tabia za samaki wote wa ziwani kwa kuwatazama wale tu walionaswa wavuni.

Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Julai 1966, mjini Chicago, mtu aitwaye Richard Speck aliingia katika nyumba walimolala wanafunzi wa uuguzi, akawaua wanane. Mmoja aliokoka kwa kujificha chini ya kitanda. Kwa kuwa aliwaua wote usiku mmoja, Speck haingii katika maana kamili ya muuaji wa mfululizo. Lakini kisa chake ndicho kilichoieneza fikira ya kromosomu ulimwenguni. Mwaka 1968 magazeti makubwa ya Marekani yaliandika kwamba Speck alikuwa na XYY. Habari hiyo ilirudiwa katika majarida na hata katika vitabu vya kufundishia.

Haikuwa kweli. Daktari Eric Engel wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt alikuwa ameipima damu ya Speck mwaka 1966, akakuta X moja na Y moja, kama wanaume wengine. Kipimo kiliporudiwa mwaka 1968, jibu lilikuwa lilelile. Engel aliyachapisha matokeo yake mwaka 1972, lakini uongo ulikuwa umekwisha kutangulia mbele. Speck alifariki mwaka 1991 akiwa bado mfungwa. Kromosomu iliyobebeshwa lawama ya vifo vinane haikuwamo mwilini mwake hata kidogo.

Waliolipa gharama ya kosa hilo ni watu wengine. Tangu mwaka 1968, mjini Boston, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwapima watoto wa kiume waliozaliwa katika hospitali moja, ili wale wenye kromosomu za ziada wafuatiliwe ukuaji wao. Wanasayansi wenzao walipinga. Walieleza hatari ambayo haihitaji maabara kuonekana. Mama akiisha kuambiwa kwamba mwanawe ana alama ya wauaji, atamtazamaje siku mtoto huyo atakapompiga mwenziwe au kuvunja kikombe kwa hasira? Kila utundu wa kitoto utageuka ushahidi. Na mtoto anayetazamwa kwa hofu kila siku, hata akiwa malaika, atakuaje? Mwaka 1975 upimaji wa watoto wapya ulisimamishwa.

Mwaka uliofuata lilipatikana jibu ambalo lingalipaswa kutangulia. Nchini Denmark, mtaalamu Herman Witkin na wenzake hawakwenda gerezani. Walitumia kumbukumbu za wanaume wote waliozaliwa Copenhagen kati ya mwaka 1944 na 1947, wakawachagua warefu, kwa kuwa watu wa XYY huwa warefu, wakapima damu za watu 4,139. Walipatikana 12 tu wenye XYY. Watano kati yao walikuwa wamewahi kutiwa hatiani, kiwango kilichozidi kile cha wanaume wengine warefu, ambao kwao walikuwa 9 hivi katika kila 100. Lakini makosa yao kwa jumla yalikuwa madogo, na haukuonekana ushahidi kwamba walikuwa watu wa kumwaga damu kuliko wengine. Wengi wao walikuwa wamepata alama za chini katika majaribio ya akili, na watafiti waliona kwamba jambo hilo lilieleza sehemu ya tofauti hiyo.

MASHTAKA YA ROCHESTER

Msomaji anaweza kuuliza: je, hakuna hata muuaji mmoja wa mfululizo mwenye XYY? Yuko, na kisa chake kinafundisha zaidi kuliko kile cha Speck.

Arthur Shawcross aliwaua watoto wawili katika mji wa Watertown, jimbo la New York, mwaka 1972. Alifungwa karibu miaka 15, akaachiliwa mwaka 1987. Kuanzia mwaka 1988 hadi alipokamatwa Januari 1990 aliwaua wanawake 11 katika mji wa Rochester na viunga vyake. Kesi yake ilisikilizwa mwaka 1990, na watetezi wake walitaka ionekane kwamba hakuwa na akili timamu. Daktari wa magonjwa ya akili Dorothy Otnow Lewis, aliyekuwa ametumia miaka mingi kuwachunguza wauaji, aliueleza ubongo wa Shawcross kuwa ulikuwa na makovu na uvimbe wenye maji. Daktari mwingine, Richard Kraus, aliyemchunguza kwa kina, alikuta kwamba alikuwa na XYY. Shawcross mwenyewe alisimulia mateso makali ya utotoni. Familia yake iliyakana.

Kwa hiyo, ndani ya mtu mmoja zilikutana karibu sababu zote zinazotajwa: kromosomu, jeraha la ubongo, na utoto uliosimuliwa kuwa wa mateso. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayotosha kuwa maelezo. Katika nchi kubwa kama Marekani, wanaume wenye XYY ni maelfu mengi, na wengi wao huishi na kufa bila kujua kwamba wanayo. Waliowahi kuumia kichwa ni wengi zaidi. Na kuhusu utoto wake, shahidi mkuu alikuwa muuaji mwenyewe, mtu aliyekuwa na kila sababu ya kutafuta huruma. Raia walioamua kesi hiyo walikataa utetezi wa wazimu. Shawcross alihukumiwa kifungo cha miaka 250, akafa mwaka 2008.

USHAHIDI WA MALEZI

Wanaotetea malezi nao wana hoja nzito. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1970, maofisa wa FBI walikwenda katika magereza ya Marekani kuzungumza na wauaji 36 waliokuwa wameua kwa sababu zenye mwelekeo wa kingono, wengi wao zaidi ya mara moja. Matokeo yalichapishwa katika kitabu mwaka 1988. Zaidi ya wanne katika kila kumi walisema walipigwa na kuumizwa utotoni, na kiasi kama hicho walisema waliingiliwa kimwili. Ulevi, baba asiyeonekana nyumbani na kuhamahama ni mambo yaliyojitokeza mara nyingi katika masimulizi yao. Hata Speck alifiwa na baba akiwa na umri wa miaka sita, akakulia mikononi mwa baba wa kambo aliyekuwa mlevi.

Hata hivyo, hapa pia ni lazima kulikumbuka somo la Goring. Watu 36 ni wachache. Hawakulinganishwa na watu wengine wasioua. Na walichosema hakikuweza kuthibitishwa chote. Ili kupata jibu lililo imara, ni lazima kuanzia upande wa pili, yaani kuwatafuta watoto walioteswa kisha kuona waliishia wapi.

Kazi hiyo ilifanywa na mtaalamu Cathy Spatz Widom wa Marekani, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1989. Alitumia kumbukumbu za mahakama kuwatambua watoto 908 waliothibitika kuteswa au kutelekezwa, akawalinganisha na wengine 667 waliofanana nao kwa umri, jinsia, rangi na hali ya maisha, lakini ambao hawakuwa na kumbukumbu za kuteswa. Walipokuwa watu wazima, karibu 29 katika kila 100 ya wale walioteswa walikuwa wamekamatwa kwa makosa ya jinai, ikilinganishwa na 21 katika kila 100 ya wale wengine. Kwa hiyo mateso huongeza hatari. Hilo halina ubishi. Lakini hesabu hiyohiyo inasema pia kwamba zaidi ya 70 katika kila 100 ya watoto walioteswa hawakuwa wamekamatwa kwa kosa lolote walipokuwa watu wazima. Anayesema kwamba kila aliyeteswa atatesa huwaongezea watoto hao jeraha jingine juu ya lile la kwanza.

MBEGU NA UDONGO PAMOJA

Je, iko njia ya kuvitenganisha vitu hivi viwili, damu na malezi? Njia mojawapo ni kuwatazama watoto waliozaliwa na wazazi wengine na kulelewa na wengine. Mwaka 1984, Sarnoff Mednick na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watoto 14,427 wa Denmark waliotolewa kwa wazazi wa kuwalea kati ya mwaka 1924 na 1947.

Kwa watoto wa kiume, hesabu ilikuwa hivi. Pale ambapo wazazi wa kuzaa wala wa kulea hawakuwahi kutiwa hatiani, watoto 13.5 katika kila 100 walitiwa hatiani. Pale ambapo wazazi wa kulea peke yao walikuwa na hatia, walikuwa 14.7. Pale ambapo wazazi wa kuzaa peke yao walikuwa na hatia, ijapokuwa hawakumlea mtoto, walikuwa 20. Na pale ambapo wazazi wa pande zote mbili walikuwa na hatia, walikuwa 24.5. Yaani urithi una sehemu yake, na malezi yakiungana nao hatari huzidi. Lakini wachunguzi waliona jambo moja la kushangaza: uhusiano huo na urithi ulihusu makosa ya mali, kama vile wizi. Kwa makosa ya kumwaga damu haukuthibitika.

Miaka tisa baadaye ilitangazwa habari ya jeni. Nchini Uholanzi, daktari Han Brunner na wenzake waliichunguza familia moja ambamo, kizazi baada ya kizazi, baadhi ya wanaume walikuwa na upungufu wa akili na hasira zisizozuilika. Wengine walichoma nyumba moto, na wengine walijaribu kubaka. Mwaka 1993 ilionekana kwamba wanaume hao walikuwa na hitilafu katika jeni iitwayo MAOA, inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunjavunja kemikali zinazopeleka ujumbe ndani ya ubongo. Jeni hiyo imo katika kromosomu ya X. Mwanamke ana X mbili, hivyo moja ikiharibika nyingine humsaidia. Mwanamume anayo moja tu. Hitilafu kamili kama hiyo ni adimu mno duniani. Lakini namna dhaifu ya jeni hiyo, isiyoharibika ila hufanya kazi polepole, ni ya kawaida kabisa.

Namna hiyo dhaifu ndiyo iliyochunguzwa katika mji wa Dunedin, New Zealand, ambako watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa maisha yao yote. Mwaka 2002 Avshalom Caspi, Terrie Moffitt na wenzao walitangaza matokeo yaliyowahusu wavulana 442. Zaidi ya theluthi moja yao walikuwa na jeni dhaifu. Wale walio nayo ambao walilelewa vyema hawakuwa wakali kuliko wenzao. Lakini wale walio nayo na ambao pia waliteswa utotoni, ambao walikuwa 12 tu katika kila 100, walichukua 44 katika kila hukumu 100 za makosa ya kutumia nguvu. Tafiti zilizofuata hazikuafikiana zote, ila zilipojumlishwa pamoja ziliunga mkono mwelekeo huo kwa wanaume.

Mkulima hatashangazwa na matokeo haya. Mbegu ileile huota vizuri mahali pamoja na kudumaa mahali pengine, na ipo mbegu inayostahimili ukame na ipo isiyostahimili. Ukimwuliza kama mavuno yake yalitokana na mbegu au na udongo, atakuona kuwa mtu asiyewahi kushika jembe. Hata hivyo ni lazima kuangalia mipaka: wavulana wa Dunedin walitiwa hatiani kwa makosa ya kutumia nguvu kwa jumla. Uchunguzi huo haukuwahusu wauaji wa mfululizo, wala hakuna jeni iliyopatikana ambayo humfanya mtu awe mmoja wao.

UBONGO WENYE KASORO NA UBONGO USIO NAYO

Wengine walitafuta jibu katika ubongo wenyewe. Mwaka 1997 Adrian Raine na wenzake walitangaza picha za ubongo za wauaji 41 wa California, waliolinganishwa na watu 41 wasio wauaji. Kwa jumla, ubongo wa mbele wa wauaji, yaani sehemu inayosaidia kupima matokeo ya tendo na kuzuia msukumo wa ghafla, ulifanya kazi kwa uchache zaidi.

Lakini Raine alichunguza pia ubongo wa Randy Kraft, aliyetiwa hatiani mwaka 1989 kwa kuwaua wanaume 16 huko California. Ubongo wake wa mbele ulifanya kazi barabara. Raine alieleza kwamba hilo si ajabu. Anayeua kwa hasira ya ghafla hukamatwa upesi. Anayeua mara nyingi kwa miaka mingi bila kukamatwa ni lazima awe mtu wa kupanga na kujizuia, na sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayomwezesha. Kasoro inayoweza kumweleza muuaji wa aina moja haimwelezi yule wa aina nyingine.

Kisa kilicho kinyume chake ni cha mwanasayansi James Fallon wa Chuo Kikuu cha California, Irvine. Karibu mwaka 2005, alipokuwa akizipitia picha za ubongo, aliona moja yenye dalili alizozihusisha na watu wasio na huruma. Ilikuwa yake mwenyewe. Alipopimwa jeni, alikutwa na ile namna dhaifu ya MAOA. Hata hivyo alikuwa mume, baba na mwalimu, asiyekuwa na rekodi ya uhalifu. Mwenyewe alisema kwamba alisalimika kwa sababu ya upendo alioupata utotoni. Maneno ya mtu mmoja hayathibitishi sababu. Lakini yanathibitisha kwamba picha ya ubongo peke yake haimhukumu mtu.

PALE JAMII ISIPOTAZAMA

Liko jambo la tatu, ambalo methali zile mbili hazikulitaja. Kumbukumbu zilizokusanywa Marekani zinaonyesha kwamba idadi ya wauaji wa mfululizo nchini humo iliongezeka sana baada ya miaka ya 1960, ikafikia kilele katika miaka ya 1980, kisha ikashuka kwa kiasi kikubwa. Jeni za taifa zima haziwezi kubadilika, zikabadilika tena, ndani ya miaka 40. Kilichobadilika ni mazingira. Vifungo virefu viliwaweka wahalifu hatari gerezani, polisi wa miji mbalimbali walianza kupashana habari, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 uchunguzi wa DNA uliwezesha kumtambua muuaji kwa tone la damu. Mtu ambaye zamani angeua mara kumi, siku hizi yumkini atakamatwa baada ya mara ya kwanza.

Kisa cha Rochester kinaonyesha jambo hilo kwa uchungu. Shawcross aliachiliwa akiwa amekwisha kuwaua watoto wawili, na baada ya wakazi wa miji mingine kumkataa, akapelekwa Rochester kimyakimya. Wengi wa wanawake aliowaua walikuwa wakijitafutia riziki barabarani usiku, watu ambao wakipotea siku mbili au tatu si wengi wanaouliza wamekwenda wapi. Hakuna kromosomu iliyosababisha hayo.

UZITO WA JIBU

Mwaka 2009 mahakama ya rufani ya Trieste, nchini Italia, ilimpunguzia muuaji mmoja kifungo chake kwa mwaka mmoja, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni jeni zake, ikiwemo ile namna dhaifu ya MAOA. Hivyo katika nchi ileile ya Lombroso, zaidi ya miaka 130 baada ya kitabu chake, alama ya mwilini ilirudi mahakamani. Huko Dunedin zaidi ya mvulana mmoja katika kila watatu alikuwa na jeni dhaifu kama hiyo. Ikiwa ni udhuru, ni udhuru wao wote. Na ikiwa ni alama ya hatari, wote hao wangestahili kuogopwa. Ni dhahiri kwamba si hili wala lile.

Basi sayansi inaweza kusema nini kwa uhakika? Hakuna anayezaliwa akiwa muuaji wa mfululizo, kwa kuwa alama yoyote ya mwili iliyowahi kutajwa hupatikana pia kwa maelfu ya watu wema. Wala hakuna malezi yanayomfanya mtu awe muuaji kwa lazima, kwa kuwa wengi walioteswa hawakumdhuru mtu. Urithi, majeraha, mateso na nafasi ya kutenda bila kukamatwa hujumlishana, na jumla hiyo bado haiwezi kutabiriwa kwa mtoto yeyote mmoja. Anayedai kwamba anaweza kuitabiri anarudia kosa la Boston.

Lakini kutoweza kutabiri si sawa na kutoweza kuzuia. Urithi wa mtoto hauwezi kubadilishwa na mzazi, mwalimu wala hakimu. Kipigo chaweza kusimamishwa. Mtoto aliyeumia kichwa aweza kupelekwa hospitali. Aliyeingiliwa aweza kusadikiwa anaposema. Mwanamke aliyepotea aweza kutafutwa siku ileile, awe nani. Hakuna atakayejua ni muuaji gani hakupatikana kwa sababu ya mambo hayo, kwa kuwa mauaji yasiyotokea hayaandikwi katika daftari la polisi. Wale watoto 908 wa Widom, hata hivyo, waliandikwa, na walistahili kulindwa kwa ajili yao wenyewe, iwe wangekuja kumdhuru mtu au la.